UZI: Nguruwe mwitu wa Ulaya. Ujerumani waliuawa zaidi ya 880,000 kwa msimu mmoja na bado hawaishi

Mluguru Ughaibuni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mtakumbuka Julai 2023 ilisambaa video kwenye magrupu ya WhatsApp: simba jike kaonekana usiku Kleinmachnow, mji mdogo unaopakana na Berlin upande wa kusini. Polisi zaidi ya mia, helikopta, madaktari wa mifugo, wawindaji, wananchi wanaambiwa wasitoke nje. Kesho yake meya akaita waandishi wa habari. Ile video ilikuwa imepelekwa kwa wataalamu, nao wakasema mgongo umebinuka mno na miguu ni minene mno, huyo si simba. Inaelekea ni nguruwe mwitu. Msako ukaishia hapo.

Sisi tulicheka mpaka basi. Ila mimi kilichonigusa ni jinsi wenyeji walivyotulia waliposikia ni nguruwe. Hapo tena hakuna habari, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Nguruwe mwitu bustanini kwa mtu walishamzoea.

Mimi nipo huku Brandenburg, jimbo la Ujerumani linaloizunguka Berlin, nafanya kazi za shamba, kwa hiyo huyu mnyama nakutana naye kazini. Juzi kwenye uzi mwingine kuna mkuu aliuliza, "Wazungu na bunduki zao zote wanashindwaje kummaliza nguruwe?" Nikaona swali ni zuri, linastahili uzi wake. Jibu langu kwa ufupi: risasi inapunguza walioko leo, lakini anayeamua mwakani watakuwa wangapi ni msitu na shamba la mahindi. Sasa twende taratibu.

Kwanza tujue tunamwongelea nani. Huyu si ngiri wetu wa Mikumi anayekimbia mkia juu. Wala si yule nguruwe pori anayewamalizia watu mihogo usiku. Huyu ni Sus scrofa, babu mzaa babu wa kitimoto. Binadamu alimfuga mara mbili katika sehemu mbili mbalimbali, Uturuki ya leo na China, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita. Mpaka leo ni spishi moja. Nguruwe wa kufugwa ana kromosomu 38, huyu wa porini Ulaya Magharibi ana 36, wakikutana mtoto anapata 37 na anazaa vizuri tu. Makazi yake ya asili ni Ulaya, Asia, na Afrika ya juu kule Morocco, Algeria na Tunisia. Kusini ya Sahara hakuwahi kuwa wa asili.

Umbo lake limejaa mbele. Kichwa na mabega ni vizito, nyuma kumechongoka. Dume la huku lililokomaa linafika kilo 100 hadi 150, na ukienda mashariki zaidi wapo wakubwa kuliko hapo. Chonge za juu na za chini zinasagana kila anapofunga mdomo, kwa hiyo zile za chini zinajinoa zenyewe. Dume pia lina kitu kama ngao chini ya ngozi ya mabega, tishu ngumu nene inayozidi kukomaa msimu wa kupandana ukikaribia, maana madume yanapigana kwa kuchanana ubavuni.

Macho ni ya kawaida sana. Pua ndiyo kila kitu. Ncha ya pua ina mfupa wake mdogo wa ziada, na shingo nzima imejaa misuli ya kusukuma juu. Asubuhi ukiingia kwenye malisho walikopita usiku, utadhani kuna mtu amejifunza kuendesha trekta hapo na jembe akasahau kuliinua. Majani yamelala kifudifudi, mizizi juu, na ukiinama unaona kila shimo lina ncha ya mviringo pale pua ilipoishia. Alikuwa anatafuta minyoo, viluwiluwi vya mbawakawa, mizizi, panya. Chakula chake kikubwa ni mimea, lakini yai, mzoga, na mtoto wa paa aliyejificha kwenye nyasi haachi.

Jasho hana la maana, ndiyo sababu ya kugaagaa kwenye tope. Akitoka hapo anakwenda kujisugua kwenye mti, mara nyingi mti uleule miaka nenda rudi. Ukiupata utaujua. Gamba limelainika, tope limekauka hadi usawa wa paja la mtu, na nywele ngumu zimenasa kwenye utomvu.

Nameza mate kwanza, naendelea. Kuzaa kwake ndiko kwenye utamu wote.

Jiwe la Kusagia

Nimeweka kambi hapa. Mkuu umesahau yule mzee wa Berlin aliyekuwa anaogelea uchi, nguruwe akabeba begi lenye laptop, mzee akamkimbiza vilevile alivyozaliwa 😂😂

Mluguru Ughaibuni

Hahaha, huyo ni wa ziwa Teufelssee, Agosti 2020. Nguruwe jike na watoto wake wawili. Alifuata harufu ya chakula, begi likaambatana. Laptop ilipatikana, na watu wote ufukweni wakampigia makofi mzee.

Nyasubi

Endelea na kuzaa mkuu, ndiko kwenye jibu la swali langu. Mimi ndiye niliyeuliza kule.

Mluguru Ughaibuni

Sawa mkuu Nyasubi, hii ni yako.

Majike wanaishi pamoja. Bibi, mabinti, wajukuu, na kiongozi ni jike mkubwa mwenye uzoefu. Madume vijana wanafukuzwa au wanajiondokea, wakikomaa kila mmoja yuko kivyake, wanarudi kundini Novemba hadi Januari kupandana. Mimba ni kama siku 115, basi watoto wanaanguka Machi na Aprili. Wanne, sita, jike mkubwa aliyeshiba anafika hata nane.

Jike akikaribia kuzaa anajitenga na kujenga kiota. Ndiyo, kiota. Anakusanya nyasi, matawi, majani makavu, analundika, anaingia chini yake. Wanyama wengi wadogo wanaozaliwa kwenye baridi wana mafuta ya rangi ya kahawia yanayochoma nishati na kutoa joto mwilini. Ukoo wa nguruwe uliipoteza jeni inayofanya kazi hiyo kiasi cha miaka milioni 20 iliyopita, wakati mababu zao wakiishi kwenye joto. Kwa hiyo kitoto cha nguruwe hakina njia ila kutetemeka na kubanana na wenzake kwenye kiota. Baridi kali ya Machi yenye mvua ilikuwa inafagia watoto wengi sana. Zamani hiyo ndiyo iliyokuwa breki. Sasa huku winta zimekuwa nyepesi, breki imelegea.

Watoto wanazaliwa na mistari ya njano na kahawia kuanzia bega hadi nyuma, wakilala kwenye majani makavu huwaoni. Mistari inapotea baada ya miezi michache.

Sasa shika hapa. Binti wa nguruwe mwitu hasubiri umri ili abebe mimba, anasubiri uzito. Akizaliwa Machi, akala vizuri kiangazi chote, ifikapo Desemba amevuka kilo 30 na ushee, na anaweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka. Chakula kikikosekana, huyohuyo anasubiri hadi mwaka unaofuata. Ndiyo maana mwaka wenye neema idadi yao inaweza kuongezeka zaidi ya mara mbili. Linganisha na ngiri: mimba miezi mitano na nusu au zaidi, watoto wawili, watatu, maana jike ana chuchu nne tu.

Neema yenyewe inatoka wapi? Ya kwanza ni msituni. Mwaloni na mti mwingine unaoitwa Buche haizai kila mwaka sawasawa. Inakaa kimya, halafu mwaka mmoja miti ya eneo zima inazaa kwa pamoja, ardhi inajaa mbegu zenye mafuta na wanga. Kwa mti huo ni ujanja, kwamba walaji wapunguzwe na njaa, na mwaka wa mavuno mbegu nyingine zibaki. Lakini miaka ya karibuni mavuno hayo makubwa yamekuwa yanakuja kwa kufuatana zaidi, na nguruwe hapati tena ile miaka ya njaa ya kutosha.

Ya pili ni sisi wakulima. Ujerumani inalima mahindi kwenye takribani hekta milioni 2.5, mengi ni chakula cha ng'ombe na mengine yanaozeshwa kutoa gesi ya umeme. Agosti mahindi yakishampita mtu kimo, kundi zima linahamia ndani. Chakula kipo, kivuli kipo, mtu haingii. Ukipita barabarani unaona ukuta wa kijani hauna kasoro. Ukirusha droni unakuta katikati kuna uwazi ukubwa wa viwanja vya nyumba, mabua yamelala yote.

Siku ya kuvuna wawindaji wanakuja mapema, wanapanda kwenye vichanja vyao pembeni ili risasi iende chini, isitambae. Mashine inaanza nje inakwenda inazunguka kuelekea ndani. Nguruwe hawatoki. Wanasogea, wanasogea, mpaka kibaki kipande chembamba cha mistari kadhaa. Kutoka juu kwenye kiti cha dereva unaona mabua yanatikisika bila upepo. Kisha wanachomoka wote kwa mpigo, mama mbele, watoto kwa mstari, na hapo ndipo bunduki zinapoanza.

Namba sasa. Msimu wa 2017/18 Ujerumani peke yake waliuawa zaidi ya 830,000. Msimu uliofuata wakashuka kama 600,000, watu wakashangilia. Msimu wa 2019/20 ukaja na zaidi ya 880,000. Hizo namba zinapanda na kushuka kufuata chakula na winta, wawindaji ni walewale.

Na kuna kosa linalofanyika sana, kupiga wakubwa kwa sababu ya nyama na chonge, kuacha watoto. Ukitaka kupunguza kweli unapiga wadogo wengi mno na majike, kazi ambayo wawindaji wengi haiwafurahishi. Mbwa mwitu wa Ulaya nao wamerudi, walizaa tena mashariki ya Ujerumani mwaka 2000, na nguruwe mdogo yumo kwenye mlo wao. Wanasaidia, lakini paa mdogo wa huku ndiye rahisi kwao zaidi.

Nyasubi

Nimekuelewa mkuu. Yaani ni kama wanapunguza maji ya bomba ambalo hawajalifunga.

kitimoto_damu

Hao 880,000 nyama yao inakwenda wapi?? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

Mluguru Ughaibuni

Inaliwa mkuu, wanatengeneza hadi soseji. Lakini lazima ipimwe kwanza minyoo ya Trichinella, ni sheria, kila mnyama. Na ukienda Bavaria, kusini, kuna kipimo cha pili ambacho hutakidhania: mionzi.

Mlipuko wa kinu cha nyuklia cha Chernobyl 1986 ulimwaga huko sesiamu, kitu kinachotoa mionzi. Paa na wanyama wengine wameshapungua mionzi miilini, nguruwe bado. Sababu ni uyoga fulani unaoota chini ya udongo, ambao winta nguruwe anaufukua kwa ile pua. Sesiamu inazama ardhini polepole sana, mahali pengine kama milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo uyoga unaendelea kuipokea leo. Mwaka 2023 watafiti wa Vienna na Hannover wakatoa jingine: sesiamu iliyomo kwenye hao nguruwe haikutoka Chernobyl yote, sehemu yake isiyo ndogo ilitoka kwenye majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 60. Nyama ikizidi bekereli 600 (kipimo cha mionzi) kwa kilo haiuzwi. Rafiki yako mwambie hivyo.

DaktariMifugo TZ

Uzi mzuri mkuu. Niongeze upande wangu, maana humu kuna wafugaji.

Homa ya nguruwe ya Afrika, ile inayofagia mabanda Mbeya, Dar na kwingineko, kwa mara ya kwanza ilielezwa kitaalamu Kenya mwaka 1921 na Montgomery. Alikuta nguruwe wa walowezi wanakufa wote wakati wanyama wa porini wazima. Kirusi kinaishi kati ya ngiri na papasi. Papasi wamejaa kwenye mashimo ambamo ngiri hulala, mengi yakiwa mashimo ya muhanga. Mtoto wa ngiri anaumwa na papasi angali shimoni, kirusi kinakaa kwenye damu yake wiki chache, papasi wengine wanakichukua, maisha yanaendelea. Ngiri haumwi. Wamezoeana muda mrefu sana.

Lakini kitimoto na huyo nguruwe mwitu wa Ulaya ni spishi moja, hawana kinga hiyo. Wakiambukizwa wanakufa zaidi ya 90 kwa mia, ndani ya wiki moja au zaidi kidogo.

Mwaka 2007 kirusi kutoka upande wetu wa kusini mashariki mwa Afrika kilifika Georgia kwenye bandari ya Poti. Inaaminika kilikuwa kwenye mabaki ya chakula cha meli waliyolishwa nguruwe. Kikapita Urusi, 2014 kikaingia Lithuania na Poland, 2018 kikafika China na huko nguruwe waliokufa na kuchinjwa ni mamilioni kwa mamilioni. Matumizi ya makombo ya hotelini bila kuyachemsha ndiyo njia hiyohiyo inayotuulia nguruwe hapa nyumbani. Chemsha, wakuu.

Mluguru Ughaibuni

Asante sana daktari, hapo umenigusa kazini kwangu kabisa. Tarehe 10 Septemba 2020 mzoga wa kwanza wenye kirusi ulithibitishwa hapa Brandenburg, wilaya ya Spree-Neiße, karibu na mpaka wa Poland. Siku mbili baadaye China ikafunga mlango kwa nyama ya nguruwe ya Ujerumani yote. Mnyama mmoja wa porini, na wafugaji ambao hata banda lao halina mgonjwa bei ikawaangukia.

Swali kwako: huku papasi hawapo. Kinaendeleaje?

DaktariMifugo TZ

Kwa mizoga. Baridi ya huko inahifadhi kirusi miezi kwenye mzoga, na hata udongo uliolowa chini yake. Nguruwe wengine wanakuja kunusa na kufukua hapo. Na kundi moja likiumwa wanaambukizana kwa kugusana.

Mluguru Ughaibuni

Ndiyo maana kumbe. Huku kazi kubwa ikawa kutafuta mizoga. Watu wanatembea msituni kwa mstari, hatua chache kati ya mmoja na mwingine, wengine na mbwa waliofundishwa, juu droni zenye kamera za joto. Ukiuona hugusi, unaripoti. Wanaoubeba wanavaa mavazi maalumu na viatu vinamwagiwa dawa. Uzio ukajengwa kandokando ya mpaka.

Waliofaulu zaidi ni Wacheki. Kirusi kilitokea kwao Juni 2017, wilaya ya Zlín. Cha kwanza walichofanya ni kupiga marufuku uwindaji mle ndani, maana risasi inawatawanya nguruwe na ugonjwa unakwenda nao. Wakazungushia eneo, wakaacha mazao bila kuvunwa wasivuruge kundi, wakakusanya mizoga. Kundi lilipokwisha kupukutika ndipo wadunguaji wakaingizwa kumalizia. Ubelgiji nao 2018 walifuata njia ya aina hiyo, wakasafisha.

Mpemba Asilia

Asalaam aleykum. Nimesoma kuwa kusini ya Sahara huyo hayupo. Mbona kwetu Pemba wapo porini, na wazee wanasimulia waliachwa na Wareno? Hatuwali, wao wanakula mihogo yetu.

Mluguru Ughaibuni

Waleykum salaam ndugu yangu. Nimesema si wa asili, sijasema hakuna. Wa Pemba ndio hao, Sus scrofa walioletwa na watu na kuingia msituni. Ajabu ni kwamba Unguja ni mwingine, kule ni nguruwe pori wa bara, yule mwenye manyoya marefu mgongoni. Visiwa viwili jirani, nguruwe mbalimbali.

Na hapo niseme jambo. Mnyama huyu kwao anakokaa tangu asili ana kazi. Anapofukua anafungua udongo mbegu ziote, anasambaza mbegu kwenye manyoya na kwato, anakula viluwiluwi vinavyoua misonobari. Ukimpeleka asikokuwa, mambo yanageuka. Marekani, Mhispania mmoja aitwaye de Soto alishusha nguruwe Florida mwaka 1539, baadaye wakaongezwa wa mwitu kutoka Ulaya kwa ajili ya kuwinda, leo wapo zaidi ya milioni sita. Utafiti wa 2021 ulikadiria kwamba nguruwe walioko nje ya makazi yao ya asili, kwa kufukua udongo tu, wanaachia hewa ya ukaa tani milioni 4.9 kwa mwaka, sawa na magari milioni 1.1. Kwa pua!

Mama Shamba Kilosa

Wanangu nimesoma yote. Mimi wa kwangu ni huyo nguruwe pori wa bara, anakuja usiku kwenye mahindi, nimelala kwenye kichanja nimechoka, debe nimepiga mpaka limepasuka. Huko Ulaya mnazuiaje?

Mluguru Ughaibuni

Shikamoo mama. Debe na moshi anavizoea, hata hao wa huku wanazoea mizinga ya gesi inayolipuka yenyewe, baada ya wiki wanakula pembeni yake.

Kinachofanya kazi ni waya wa umeme wa shoti ndogo, ule wa betri na sola. Siri ni kimo. Watu wanafunga kifuani, nguruwe anapita chini. Funga nyaya mbili, moja sentimita 20 kutoka ardhini, ya pili 40 au 50. Anakuja na pua mbele, pua imelowa, inapigwa hiyo. Akipigwa puani harudi haraka. Akipigwa mgongoni, manyoya yanazuia na anasonga mbele kwa hasira. Halafu lazima ufyeke majani chini ya waya kila mara, majani mabichi yakigusa waya umeme wote unakwenda ardhini.

Na uuwashe mapema, mahindi kabla hayajaanza kukomaa. Wakishaonja hata mara moja wanakuwa wagumu. Kama gharama ni kubwa, jiungeni majirani watatu wanne mzungushie kwa pamoja. Kumuua bila kibali usijaribu, mwone kwanza afisa wanyamapori wa wilaya.

Mama Shamba Kilosa

Marahaba mwanangu. Betri ya bodaboda inatosha?

Mluguru Ughaibuni

Volti 12 inatosha mama, ila usiunge betri moja kwa moja kwenye waya. Lazima kiwepo kile kifaa cha katikati kinachotoa shoti kwa vipindi, ndicho cha kununua. Waya na nguzo za miti utapata hapohapo.

kitimoto_damu

Mama ukimnasa hata mmoja kwa kibali tujulishane 🙏

Mama Shamba Kilosa

Wewe njoo ufyeke majani chini ya waya kwanza.